Arizona: Nchi Kame Iliyochongwa na Maji

Msomaji akifungua ramani ya Marekani na kushusha kidole chake upande wa kusini-magharibi, mahali nchi hiyo inapopakana na Meksiko, ataliona jimbo liitwalo Arizona. Ukubwa wake ni maili za mraba zipatazo 114,000, yaani kama nusu ya Kenya, na watu wake walipohesabiwa mwaka 2020 walizidi milioni 7. Jimbo hilo liliingizwa katika muungano wa Marekani tarehe 14 Februari 1912, nalo lilikuwa la 48. Jua linapotua Mombasa, watu wa Phoenix, ulio mji mkuu wa Arizona, ndio kwanza wanakunywa kahawa ya asubuhi, kwa maana saa zao ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 10.

Watu wengi wakisikia neno jangwa hudhani ni mchanga mtupu usio na mti wala jani. Arizona sivyo ilivyo. Upande wa kaskazini ni uwanda wa juu wenye misitu ya misonobari; mji wa Flagstaff uko futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, na theluji huanguka huko kila mwaka. Upande wa kusini ndiko liliko jangwa la Sonora. Huko Phoenix hupata mvua ya inchi 7 au 8 tu kwa mwaka, ambayo ni kama ile ya Lodwar, na mwaka 2023 joto la mchana lilifika digrii 43 za sentigredi au kuzidi kwa siku 31 mfululizo.

Hata hivyo watalii humiminika Arizona kila mwaka kwa mamilioni. Huenda kutazama nini katika nchi yenye joto na kiu namna hiyo? Jawabu lake ni la ajabu kidogo. Kwa sehemu kubwa huenda kutazama kazi ya maji: mabonde yaliyochimbwa na maji, mawe yaliyolainishwa na maji, miti iliyojifunza kuweka maji akiba. Na kwa kuwa maji yenyewe ni haba, karibu kila mahali pazuri pa Arizona pana habari ya watu walioyagombania.

KORONGO KUU

Mahali panapotajwa kwanza na kila mgeni ni Korongo Kuu, lijulikanalo duniani kwa jina la Grand Canyon. Urefu wake, mtu akiufuata mto, ni maili 277. Upana wake mahali palipo papana zaidi ni maili 18. Na kina chake kinapita maili moja. Mto Colorado uliolichimba hupita chini kabisa, na mtu aliyesimama ukingoni mara nyingi hauoni, au huuona kama uzi uliodondoka.

Yafaa kulitofautisha korongo hili na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, maana wako wanaoyadhania kuwa ni ya namna moja. Bonde la Ufa lilitokea kwa sababu gamba la dunia lilivutwa huku na huku hata likapasuka, na sehemu ya katikati ikadidimia. Korongo Kuu halikupasuka. Nchi iliinuka polepole, na mto uliokuwa ukipita juu yake ukaendelea kukata chini kama msumeno, ukitumia mchanga na mawe kuwa ndiyo meno yake, huku mvua na theluji zikibomoa kingo. Wataalamu wengi hukadiria kwamba kazi hiyo ilichukua miaka milioni 5 au 6. Mawe yenyewe ni ya kale zaidi sana. Yamepangwa tabaka juu ya tabaka, mekundu, meupe, ya kahawia na ya kijani hafifu, na yale ya chini kabisa yana umri wa miaka zaidi ya milioni 1,700. Tabaka la juu ni la mawe ya chokaa, na ndani yake huonekana alama za kombe na viumbe wengine wa bahari, ingawa mahali hapo leo pako mbali kabisa na pwani.

Wazungu wa kwanza kuliona walikuwa Wahispania, mwaka 1540, wakiongozwa na wenyeji wa kabila la Hopi. Wahispania wale walitazama chini wakakadiria kwamba mto una upana wa futi 6 tu. Wenyeji waliwaambia kwamba ni mto mkubwa, lakini hawakusadiki mpaka watu watatu walipojaribu kushuka. Wakaenda mchana kutwa, wakafika theluthi moja tu ya njia, wakarudi wakisema kwamba wenyeji wamesema kweli. Baada ya hapo ilipita miaka zaidi ya 300 kabla ya mchunguzi kuufuata mto wenyewe kwa mashua. Huyo alikuwa John Wesley Powell, mwanajeshi aliyepoteza mkono wake wa kulia vitani mwaka 1862. Mwezi Mei 1869 aliondoka na watu 9 katika mashua 4. Safari ilichukua miezi mitatu. Chakula kikaharibika, mashua moja ikavunjika, na karibu na mwisho watu watatu wakakataa kuendelea; wakapanda ukingoni, wasionekane tena. Siku mbili baada ya kuachana nao, Powell na wale waliobaki wakatoka salama.

Mtu aliyefanya zaidi kulilinda korongo anajulikana pia katika historia ya Kenya. Rais Theodore Roosevelt alilitembelea mwaka 1903, akawasihi watu wa Arizona wasijenge chochote cha kuliharibu. Mwezi Januari 1908 alilitangaza kuwa mahali palipohifadhiwa na serikali, na mwaka 1909, alipokwisha kuuacha urais, alishuka Mombasa kwa safari yake mashuhuri ya kuwinda. Korongo lilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1919, na siku hizi hupokea wageni karibu milioni 5 kwa mwaka.

Wengi wao hufikia ukingo wa kusini, wakapiga picha, wakaondoka siku ile ile. Ukingo wa kaskazini uko juu zaidi, na kwa sababu ya theluji haufunguliwi wakati wa baridi. Hoteli yake kongwe iliteketea mwezi Julai 2025 kwa moto ulioanzishwa na radi. Wenye miguu imara hushuka hadi mtoni kwa njia ya Bright Angel, na wengine hushuka juu ya nyumbu, yaani mnyama azaliwaye na punda na farasi, si nyumbu wa Mara. Hapa pana hatari moja isiyofikiriwa na mgeni. Mtu akipanda Mlima Kenya hupanda angali na nguvu, akashuka amechoka. Katika korongo ni kinyume chake: kushuka ni rahisi asubuhi kunapokuwa na baridi, na kupanda huja mchana, mtu akiwa amechoka, na huko chini joto limepita digrii 40. Ndiyo maana walinzi wa hifadhi hupenda kuwaambia wageni kwamba kushuka ni hiari, lakini kupanda ni lazima. Kila mwaka huwaokoa watu kwa mamia, na wengi wa hao ni vijana wenye afya waliochukua chupa moja ya maji.

WATU WA MAJI YA BULUU

Kabla ya Powell na kabla ya Wahispania walikuwako wenye nchi. Mmoja wa makabila hayo ni Havasupai, jina lenye maana ya watu wa maji ya buluu na kijani. Kijiji chao, kiitwacho Supai, kiko ndani ya korongo dogo linaloingia katika lile kubwa. Hakuna barabara ya gari inayofika. Msafiri huacha gari lake juu ya jabali, akatembea maili 8, au akapanda farasi au helikopta; na barua za kijiji hicho huletwa kwa nyumbu hata leo. Chini ya kijiji yako maporomoko ya maji yenye rangi ya buluu iliyo kama kito, kwa sababu maji hutoka katika mawe ya chokaa, na chokaa hiyo hujijenga tena kuwa kingo na vidimbwi. Katikati ya mawe mekundu makavu, ni vigumu kusadiki.

Zamani Wahavasupai walilima mahindi, maharagwe na maboga bondeni wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi walipanda uwandani kuwinda na kuokota kuni. Mwaka 1882 serikali iliwatengea ekari 518 tu chini ya korongo, na uwanda wote wa juu ukachukuliwa. Hata shamba lao lililokuwa kando ya njia ya Bright Angel, ndani ya hifadhi, walitolewa. Wa mwisho aliondoshwa mwaka 1928. Basi mahali palipolindwa kwa ajili ya wageni palilindwa pia dhidi ya wenyewe. Wahavasupai hawakuacha kudai. Mwaka 1975 sheria ya Baraza Kuu la Marekani iliwarudishia ekari zipatazo 185,000, na mwaka 2022 lile shamba la kando ya njia likapewa tena jina lao katika ramani za serikali.

Leo maporomoko ni mali ya kabila, na ndilo pato lao kubwa. Hakuna ruhusa ya kuingia kwa siku moja na kutoka. Mgeni hana budi kulipia malazi kwao kabla ya kufika, na nafasi hukwisha upesi. Wageni wako wanaonung'unika kwamba ada ni kubwa. Lakini ni haki kukumbuka kwamba watu mamia kadhaa wanaishi kwa mapato hayo katika bonde ambalo lenyewe si salama, kwa maana mafuriko yaliyapiga makambi mwaka 2008, na tena mwezi Agosti 2024, alipofariki mgeni mmoja. Iko hofu nyingine pia. Nchi ya karibu na korongo ina madini ya urani, na Wahavasupai wanaogopa kwamba machimbo yataitia sumu chemchemi yao. Mwezi Agosti 2023 Rais Joe Biden alihifadhi ekari zaidi ya 900,000 zisifunguliwe machimbo mapya. Walakini mgodi mmoja uliokuwako tayari ulianza kutoa urani mwisho wa mwaka huo huo, huku kabila likiupinga.

NCHI YA WANAVAJO

Upande wa mashariki wa Korongo Kuu huanza nchi ya Wanavajo, iliyo kubwa kupita nchi zote za makabila ya asili ya Marekani: maili za mraba zaidi ya 27,000, nayo imeenea mpaka majimbo ya Utah na New Mexico. Wana bunge lao, mahakama zao na askari wao. Hata saa zao ni mbali. Arizona haisogezi saa mbele wakati wa kiangazi kama yafanyavyo majimbo mengine, lakini Wanavajo husogeza, na watalii wengi wamekosa safari zao kwa kutokujua hivyo.

Mahali maarufu zaidi pa huko ni Monument Valley, penye nguzo za mawe mekundu zisimamazo peke yake uwandani, nyingine zikifika urefu wa futi 1,000. Zamani uwanda wote ulikuwa juu sawa na vilele hivyo. Maji na upepo viliondoa mawe laini, yale magumu yakabaki. Hata mtu asiyepata kufika Marekani huenda amekwisha kupaona, maana John Ford alipiga filamu yake ya Stagecoach huko, iliyotoka mwaka 1939, na baada yake zikafuata nyingine nyingi za wachunga ng'ombe wapanda farasi. Mwaka 1958 Wanavajo walipafanya kuwa hifadhi ya kabila lao wenyewe. Kwa hiyo ada ya mlangoni huingia katika hazina yao, na waongozaji ni watu wa hapo hapo. Mpango huo si mgeni kwa Wakenya, maana hifadhi ya Maasai Mara nayo huendeshwa na serikali ya Narok, si ya Nairobi.

Karibu na mji wa Page liko korongo jembamba mno liitwalo Antelope. Mahali pengine upana wake hautoshi watu wawili kupishana, na kuta zake zimekunjwa kama nguo iliyotundikwa. Mwanga ukishuka kutoka juu, mawe huonekana kama yanawaka moto. Uzuri huo ulifanywa na mafuriko, na mafuriko hayajaacha kuja. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa humo. Mvua haikunyesha juu yao, bali ilinyesha mbali, maili kadhaa upande wa juu, na maji yakateremka katika mkondo mkavu yakawakuta hawana pa kukimbilia. Wakaaji wa kaskazini ya Kenya wanaijua vema tabia hiyo katika laga zao, na korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, liliua watu kwa namna ile ile mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Tangu ajali ile Wanavajo waliweka ngazi za chuma na njia za kuonya, wala mgeni haruhusiwi kuingia bila mwongozaji. Mwongozaji akisema leo haiendeki, haifai kubishana naye kwa sababu mbingu ni nyeupe.

Canyon de Chelly ni korongo la namna nyingine tena, kwa kuwa lina watu. Serikali ya Marekani hulinda magofu ya kale yaliyojengwa ndani ya mapango yake, lakini ardhi ni ya Wanavajo, na jamaa zao hulima na kuchunga kondoo chini yake. Mwaka 1864 majeshi ya Marekani yaliingia humo, yakachoma mazao na kukata miti ya mafyulisi iliyotunzwa kwa miaka mingi, kusudi njaa iwalazimishe watu kusalimu amri. Maelfu walitembezwa kwa miguu mpaka New Mexico, wengi wakafa, na waliosalia waliruhusiwa kurudi kwa mkataba wa mwaka 1868. Mgeni anayeshuka bondeni na mwongozaji wa Kinavajo huisikia habari hiyo kwa kinywa cha wajukuu wa waliopita njia ile.

Mkataba huo huo ulirudi mahakamani karne moja na nusu baadaye. Katika nchi hii inayopokea wageni wengi, karibu nyumba moja katika kila tatu haina maji ya bomba. Watu huyafuata kwa magari, mapipa yakiwa nyuma, wakati mwingine maili nyingi. Wanavajo walidai kwamba serikali iliyowapa nchi ya kukaa iliwaahidi pia maji ya kukalia. Mwezi Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mkataba hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwatafutia maji. Mtalii anayeoga mara mbili kwa siku katika hoteli ya Page angefaa kulijua jambo hilo.

Katikati ya Wanavajo wanakaa Wahopi, juu ya vilima vilivyo bapa. Kijiji chao cha Oraibi kimekaliwa tangu karne ya 12, nacho ni katika vijiji vya kale zaidi vinavyokaliwa bila kukoma Marekani. Hao hulima mahindi mchangani bila kumwagilia. Huipanda mbegu chini sana, pengine futi nzima, ifuate unyevu ulioachwa na theluji. Mkulima wa Ukambani angekuwa na mengi ya kuwauliza. Lakini picha haziruhusiwi vijijini, wala kuchora, na mgeni aachilie mbali kamera yake.

MTI WA MAWE NA SHIMO LA KIMONDO

Njiani kutoka nchi ya Wahopi kwenda kusini yako mambo mawili yanayoweza kutazamwa kwa siku moja. La kwanza ni msitu uliogeuka mawe. Miti iliyokufa miaka zaidi ya milioni 200 iliyopita ilifunikwa na tope la mito na majivu ya volkeno. Maji yaliyobeba madini yakapenya ndani yake, na chembe kwa chembe mti ukawa jiwe gumu lenye rangi nyingi, magome yakionekana bado. Mahali hapo palihifadhiwa mwaka 1906. Ni marufuku kuchukua hata kipande, na bado wageni wamekuwa wakichukua. Kisha huja jambo la kuchekesha: wengine, baada ya miaka, hurudisha mawe kwa posta pamoja na barua ya toba, wakisimulia ajali na maradhi yaliyowapata tangu siku ile. Walinzi hawawezi kuyarudisha msituni, kwa sababu haijulikani yalitoka mahali gani, na hiyo huwavuruga wataalamu. Basi wameyaweka katika chungu yake peke yake.

La pili ni shimo lililochimbwa na kimondo cha chuma miaka ipatayo 50,000 iliyopita. Upana wake ni robo tatu za maili. Mfanyabiashara Daniel Barringer aliamini kwamba kimondo chenyewe kimezikwa chini, akaanza kuchimba tangu mwaka 1903 ili auze chuma chake. Hakupata kitu. Alikuwa na haki juu ya asili ya shimo, wakati ambapo wataalamu wakubwa walisema ni kazi ya volkeno, lakini hakujua kwamba sehemu kubwa ya kimondo iligeuka mvuke kilipogonga. Jamaa yake ndio wenye shimo hata sasa, nao wamepata kwa watalii faida ambayo yeye hakuipata kwa chuma.

MTI WENYE MIKONO

Mgeni akishuka kusini mpaka Tucson huingia katika nchi ya saguaro. Huo ni mmea wa jamii ya mpungate, usio na majani, wenye miiba, na umbo kama mtu aliyeinua mikono. Huweza kupita urefu wa futi 40. Kukua kwake ni kwa polepole mno: mkono wa kwanza huchipuka mti ukiwa na umri wa miaka 75 hivi, na mti wenyewe huishi miaka 150 hata 200. Ngozi yake ina mikunjo kama ya kinanda cha mkono, mvua ikinyesha hupanuka na kujaza maji, ikikauka hujikunja. Mkenya akiutazama atadhani ameona ndugu wa mitupa ya Bonde la Ufa, lakini hawana udugu. Jangwa moja na jingine zimefundisha mimea tofauti somo moja. Wenye udugu wa kweli na mimea ya Arizona ni wawili ambao Afrika Mashariki inawajua vizuri. Mmoja ni mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 kutoka upande ule wa dunia, na jamaa zake humea mwituni Arizona. Wa pili ni mpungate, ulioletwa kuwa ua na pambo, ukaenea Laikipia na kuwaumiza mifugo midomo. Kwao una maadui wanaouzuia, ugenini hauna.

Kigong'ota hutoboa shimo katika saguaro na kufanya kiota. Akihama, bundi mdogo aliye kama shomoro huingia. Maua hufunguka usiku, popo wakayanywa, na asubuhi nyuki na njiwa. Katika mwezi wa Juni matunda huiva, na Watohono O'odham, walio wenyeji wa jangwa hilo, huyaangua kwa fito ndefu zilizotengenezwa na mbavu za saguaro waliokufa. Hupika asali yake, na hutengeneza pombe inayonywewa katika sherehe ya kuomba mvua. Kwao hapo ndipo mwaka mpya unapoanza. Kukata saguaro bila kibali ni kosa la jinai.

Wakati mwema wa kuzuru kusini ni tangu Novemba hadi Aprili. Katika Julai na Agosti mtembeaji hana budi kuchukua galoni nzima ya maji kwa siku, na kurudi kabla ya saa 4 asubuhi.

MAJI YA COLORADO

Mji wa Phoenix umesimama juu ya mifereji ya watu wengine. Watu wa kale waitwao Hohokam walichimba mamia ya maili ya mifereji kwa vijiti na mawe, wakalima pamba na mahindi, kisha katika karne ya 15 makazi yao yakaachwa. Wageni waliokuja katika karne ya 19 waliifukua baadhi ya mifereji hiyo na kuitumia tena, ndipo mji ukapewa jina la ndege wa hadithi afufukaye katika majivu yake.

Mifereji ile haikutosha. Leo maji ya Mto Colorado huvutwa kutoka ziwa Havasu kwa mfereji wa maili 336, yakipandishwa futi zaidi ya 2,800 kwa mashine, mpaka Phoenix na Tucson. Kando ya ziwa hilo limesimama daraja la London, lile lile la mwaka 1831, lililonunuliwa na tajiri mmoja mwaka 1968 kwa dola 2,460,000, likabomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya jangwani. Lilijengwa juu ya nchi kavu, kisha maji yakachimbiwa njia chini yake. Kama ni upumbavu, ni upumbavu uliolipa, maana watalii hawakomi.

Juu zaidi mtoni, mpakani na Nevada, liko bwawa la Hoover, lililojengwa tangu mwaka 1931 hadi 1936, wakati wa dhiki kuu ya kazi Marekani. Kimo chake ni futi 726. Kwa hesabu ya serikali watu 96 walikufa katika ujenzi. Mgeni hutembea juu yake, mguu mmoja Arizona na mwingine Nevada, akatazama chini akashikwa na kizunguzungu.

Lakini akigeuka na kutazama upande wa ziwa ataona mstari mweupe juu ya miamba, kama alama ya maji katika sufuria. Hapo ndipo ziwa lilipofika zamani. Mwaka 1922 majimbo saba yaligawana maji ya mto huu kwa kufuata hesabu ya miaka iliyokuwa na mvua nyingi, wala makabila ya asili hayakuitwa katika baraza hilo. Hivyo maji yaliyoahidiwa ni mengi kuliko yaliyomo, na watu karibu milioni 40 wanayategemea. Mwezi Agosti 2021 serikali ilitangaza upungufu kwa mara ya kwanza, na wakulima wa katikati ya Arizona ndio waliopunguziwa zaidi. Katika Julai 2022 ziwa lilishuka chini kuliko wakati wowote tangu lilipokuwa likijazwa mwaka 1937. Mapatano ya mwaka 2007 ya kugawana uhaba yaliwekewa kikomo cha mwaka 2026. Huko ziwani gati za mashua zimehamishwa mara kwa mara kuyafuata maji, na penginepo njia ya saruji ya kushushia mashua huishia katika mchanga mkavu.